Gari Lililozima Njiani Kwenda Prilep

Gari letu lilianza kuzima njiani mwezi wa kumi, siku ya Jumatano, tukiwa tumepita kinu cha zamani lakini hatujafika machimbo ya mawe. Halikutoa mlio wowote mbaya. Lilikohoa mara mbili, likalegea, kisha kimya. Nikaliacha liteleze hadi pembeni, nikavuta breki ya mkono.

"Umefanya nini?" mume wangu Ilko akauliza.

"Sijafanya kitu. Limezima lenyewe."

"Gari halizimi lenyewe, Lozana. Wanaozima wenyewe ni wazee."

Nilicheka, lakini macho yangu yalikuwa kwenye saa. Figo za Ilko zimeacha kazi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa lazima awe hospitali ya mji wa Prilep saa tano asubuhi, mashine imsafishe damu kwa saa nne. Ukichelewa, mgonjwa anayefuata hawezi kusubiri kwa ajili yako, kwa hiyo saa zako zinakatwa, na usiku unalala umevimba miguu na pumzi fupi. Gari linalochukua wagonjwa linapita vijiji vya bondeni tu. Kwetu Topolnik, huku juu, tumebaki nyumba sita. Naendesha mimi. Nilijifunza nikiwa na miaka arobaini na mbili, enzi tunapeleka tumbaku mjini, na sasa nina sabini na moja.

Nikafungua boneti. Kwetu boneti ikiwa wazi barabarani, hakuna mwanamume anayepita bila kuingiza kichwa. Hazikupita dakika tano, trekta likasimama, mwenyewe akashuka na sigara mdomoni.

"Ni pampu, bibi," akasema kabla hata hajaangalia. "Inapata joto. Weka kitambaa kibichi juu yake, subiri kidogo."

"Na sigara yako uiweke wapi?" Ilko akamuuliza kutoka ndani. "Kuna petroli hapo, bwana."

Aliitupa. Nikalowesha kitambaa, nikakiweka juu ya pampu, tukasubiri dakika ishirini. Nikawasha. Likawaka vizuri, kana kwamba halikuwa na neno. Yule wa trekta akatupungia mkono kama daktari aliyemaliza kazi. Tulifika saa tano na robo.

Alhamisi nikalipeleka kwa Spase, fundi wa kijiji cha chini. Spase ni mtu wa miaka hamsini, mikono yake haijawahi kuwa myeupe tangu nimjue, na magari ya zamani kama letu, ya kabureta, yamebaki yeye tu anayeyapenda. Jambo la kwanza alifungua kifuniko cha tangi, akanusa petroli kama ina maji. Haikuwa na maji. Akabadilisha plagi. Akabadilisha chujio la mafuta. Akafungua kabureta, akaipuliza kila tundu. Kisha akaliendesha hadi kanisani na kurudi, mara mbili.

"Linaenda kama saa," akasema. "Bibi Lozana, nikuulize bila kukukosea heshima. Ukiwa njiani unakanyaga klachi, au unakanyaga zabibu za divai?"

"Mwache, Spase," Ilko akasema. "Huyu amenikanyaga mimi miaka arobaini na tisa, na bado sijazima."

Ijumaa likazima tena. Mahali pengine safari hii, kilomita chache kabla ya pale pa mwanzo. Kitambaa kibichi nikakiweka, dakika ishirini tukakaa, likawaka. Ilko akapoteza nusu saa ya mashine. Mwuguzi, msichana mwenye moyo mzuri anayeitwa Kalina, akampigia simu mwanetu Metodi huko Skopje, mji mkuu, maana namba yake ndiyo iliyoandikwa kwenye faili.

Metodi akanipigia jioni ile ile.

"Mama, hilo si gari. Ni banda la kuku lenye usukani."

"Limebeba harusi yako, hilo banda."

"Limebeba harusi yangu miaka ishirini na miwili iliyopita! Mama, nisikilize. Chumba kiko tayari. Hospitali iko dakika kumi kutoka nyumbani. Baba anatembea kwa miguu, akitaka."

"Baba yako hataki."

"Baba hataki hata kuvaa kofia."

Hapo alisema kweli. Nilimwambia anipe muda Spase aone tena. Akasema, "Jazeni tangi. Labda tangi lina uchafu chini, mafuta yakiwa machache gari linanyonya uchafu. Jazeni mpaka juu."

Tukajaza mpaka juu. Jumatatu hatukufika hata kinu. Likazima, tukasubiri, likawaka. Likaenda kidogo, likazima tena. Siku ile Ilko alikaa kwenye mashine saa mbili na nusu tu. Jioni nilipomvua soksi, alama ya mpira ilikuwa imezama mguuni ndani kabisa, hata kidole kingeingia. Usiku alilala amekaa kitini, kwa sababu akilala chali anakosa hewa. Nilikaa naye.

Asubuhi Metodi alikuwa ameshaamua. "Jumapili nakuja. Nimeomba nafasi ya baba huku, wamekubali. Jumatatu nitapeleka Prilep karatasi ya kuhama, wasaini, basi."

"Na tukitaka kurudi?"

"Mama, unajua. Kitanda cha Prilep kikiachwa, siku hiyo hiyo kinapewa mwingine. Kuna watu wanasubiri."

Nilijua. Nilimwambia Ilko nikiwa namkatia mkate. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Metodi anakaa ghorofa ya sita." Kisha akasema, "Nitaangalia nini kule dirishani, Lozana? Dirisha la mtu mwingine." Mkate hakuumaliza.

Jumatano na Ijumaa tulitoka nyumbani saa moja asubuhi, bado kuna ukungu, ili tuwe na muda wa kuzima. Hatukuchelewa, ila tulifika tumechoka kama tuliolima. Gari nilikuwa nimempelekea Spase tena mara mbili. Alibadilisha koili. Alifungua pampu, akaikuta nzima, akaifunga. Alifungua bomba la mafuta kutoka tangini hadi mbele, akapuliza kwa mdomo, hewa ikapita vizuri kabisa. Kila alipolijaribu yeye, lilikuwa kama jipya.

"Bibi, linakuogopa wewe," akasema.

"Au linakupenda wewe."

"Hapana, kweli, sijawahi kuona. Gari bovu ni bovu kwa kila mtu. Hili lina ubaguzi."

Sikusoma sana, niliacha shule darasa la nne, lakini kitu kimoja nimejifunza kwenye tumbaku: ukitaka kujua kwa nini majani yanaoza, usiulize watu, andika siku. Nyuma ya kalenda ya jikoni nilikuwa nimeandika kila lilipozima. Mafuta yakiwa nusu tangi, linakwenda hadi machimbo. Tangi likijaa, halifiki kinu. Siku ambayo Spase kalishika asubuhi, linakwenda mbali zaidi. Nilimwonyesha Spase. Akakuna kichwa.

"Kinyume," akasema. "Ungesema linazima mafuta yakipungua, ningekuelewa. Hakuna gari linalozima kwa kushiba."

"Ndivyo lilivyo."

"Basi kalenda yako ina kasoro."

Jumamosi niliamua kwenda peke yangu. Nilimwachia Ilko supu jikoni, nikamwambia mke wa jirani amchungulie. Ilko akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Unaenda wapi na gari bovu, bila mgonjwa?"

"Naenda kulizimisha."

"Haya. Mwenye kazi na afanye kazi yake."

Nilichukua soksi ninayofuma, kalenda yangu, na dumu la lita tano za petroli ambalo Spase alinilazimisha kubeba. Tangi lilikuwa limejaa karibu mpaka juu. Njia ilikuwa tupu. Mkono wa kushoto mlima, mkono wa kulia bonde na mashamba ya pilipili hoho yaliyokwisha kuvunwa. Niliendesha polepole, gia ya tatu, nikisikiliza. Kabla ya kinu likakohoa. Mara ya pili. Likazima.

Sikufungua boneti. Kwanza sikutaka wanaume wa trekta waje. Pili, kitambaa nilikuwa na wasiwasi nacho. Kila mtu alisema kitambaa ndicho kinachoponya, lakini kila mara tuliweka kitambaa na pia tukasubiri. Kwa hiyo siku hiyo nikasubiri bila kitambaa. Nikafuma. Dakika ya kumi na nane nikajaribu, likawaka.

Kwa hiyo si kitambaa. Ni kusubiri. Nikaandika.

Nikaendelea, likaenda kilomita nne, likazima tena. Sasa nikafikiri hivi: injini inazima kama mtu anayekosa chakula, pole pole, si kama mtu aliyepigwa. Basi chakula hakimfikii. Ngoja nimwongezee, nione kama kalenda inasema kweli. Nikatoa lile dumu, nikaenda nyuma, nikashika kifuniko cha tangi nikizungushe.

Kilikataa. Ilikuwa kama mtu amekishika kwa ndani. Nikakaza mkono, kikalegea, na hapo nikasikia: fyuuuuu. Pumzi ndefu, inaingia, haitoki. Tangi lilikuwa linavuta hewa kama mtu aliyetolewa majini.

Nikabaki na kifuniko mkononi. Petroli sikumimina hata tone. Nikarudi mbele, nikapiga stata. Ikazunguka mara sita, saba, gari likawaka. Hakuna dakika ishirini, hakuna kitambaa, hakuna kitu. Nimefungua kifuniko tu.

Ile sauti naijua kuliko mlio wa mlango wangu. Nimeisikia kila majira ya baridi tangu nikiwa msichana, ninapofungua chupa ya ajvar, rojo yetu ya pilipili hoho za kuchoma. Na hapo nikakaa kwenye jiwe la kilomita, kwa sababu nilikumbuka.

Lazima niseme jambo nililofanya mwishoni mwa mwezi wa tisa. Siku hizo Ilko akitoka kwenye mashine anakuwa na kichefuchefu, na ndani ya gari kulikuwa na harufu ya petroli. Mara mbili alitapika njiani. Nikaifuata harufu kwa pua hadi kwenye kifuniko cha tangi. Mpira wake ulikuwa umekauka, umepasuka. Na katikati ya kifuniko kulikuwa na kitundu kidogo, cha kupita sindano, petroli inanuka hapo. Nikaona, ehee, kimetoboka kwa kutu.

Wiki hiyo tulikuwa tunatengeneza ajvar. Uani moto, pilipili hoho nyekundu magunia manne, zinachomwa, zinamenywa, zinakorogwa kutwa nzima, zinatiwa kwenye chupa za mdomo mpana. Kwetu mwanamke anapimwa kwa chupa zake. Pasaka ikifika bila hata moja kuingia hewa, hakuna wa kumsema. Zangu haziingii hewa. Juu ya mdomo naweka maduara mawili ya nailoni ngumu, moja juu ya lingine, kisha pete ya mpira, kisha kifuniko. Basi jikoni nilikuwa na nailoni na pete mkononi, na mume wangu anatapika. Nikakata maduara mawili, nikayakandamiza ndani ya kifuniko cha tangi, nikaweka pete mpya ya mpira. Harufu ikaisha kabisa. Nilifurahi. Na sikumwambia mtu, kwa sababu nani anatangaza kuwa ameziba kitundu?

Nilikaa kwenye jiwe lile mpaka jasho likakauka. Kisha nikajiambia, Lozana, usiamini haraka. Wewe ndiye uliyeamini haraka mara ya kwanza. Nikafunga kifuniko na nailoni yake vilevile, nikageuza gari, nikaendesha. Likazima karibu na chemchemi. Nikafungua: fyuuu. Likawaka. Nikatoa ile nailoni yote, nikabakiza pete, kitundu kikawa wazi. Nikaendesha kutoka chemchemi hadi machimbo, nikarudi hadi kinu, nikaenda tena machimbo, nikarudi. Zaidi ya saa moja na nusu. Halikukohoa hata mara moja. Soksi ilibaki kwenye kiti haijaguswa.

Nikashuka moja kwa moja hadi kwa Spase. Alikuwa amelala chini ya gari la mtu, miguu tu inaonekana.

"Spase, toka."

"Limezima tena?"

"Toka kwanza."

Akatoka. Nikamwekea mkononi zile nailoni mbili. Akazigeuza, akazinusa, akaenda kwenye tangi, akatazama kifuniko, akatazama kitundu. Akazitazama tena nailoni.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mlango.

"Bibi! Umelitia gari kwenye chupa!"

"Nilidhani kile kitundu ni kutu."

"Kile kitundu ndicho pua yake! Mafuta yakitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Wewe umelibana pua, halafu unaliambia panda mlima. Ukisubiri, hewa inajipenyeza kidogo kidogo pembeni, ndiyo maana lilikuwa linawaka." Akafuta macho kwa kiwiko. "Na tangi likijaa, hewa ya ndani ni kidogo, inakwisha mapema; likiwa karibu tupu, kama mlivyozoea kuliendesha mwanzoni, mnafika mjini hamjui kitu. Yesu na Maria. Kalenda yako ilikuwa sawa."

"Uliniambia ina kasoro."

"Nilikuambia hivyo kwa sababu mimi ni mjinga." Sasa hakuwa anacheka tena. "Sikiliza. Kila ulipoleta gari, mimi nilifanya nini kwanza? Nilifungua tangi kunusa. Kila mara! Nalipatia pumzi kwa mkono wangu mwenyewe, halafu naliendesha mpaka kanisani, nasema ni zima. Na bomba nililipuliza kifuniko kikiwa kimewekwa juu ya benchi. Sijaona hata nailoni, nilidhani ni mpira wake wa kiwandani. Usimwambie mtu."

"Na wewe usimwambie mtu."

"Mimi nitamwambia kila mtu," Spase akasema, "lakini nitasubiri mpaka Noeli."

Kumwambia Spase kulikuwa rahisi. Nyumbani nilikuta Ilko kakaa mezani, supu kaila nusu. Nilivua koti, nikalitundika, nikakaa mbele yake.

"Nimejua kwa nini linazima."

"Kwa nini?"

Nikamweleza, tangu mwezi wa tisa. Sikuruka kitu. Nikamwambia na zile saa za mashine alizopoteza, nilizihesabu: nusu saa, na robo, na saa moja na nusu. Nikamwambia usiku ule aliokaa kitini, ulikuwa mkono wangu.

Akaitazama meza.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Siku kumi natukana gari."

"Ndiyo."

"Ningejua ningekutukana wewe."

"Nitukane sasa."

Akafikiri. Akavuta sahani ya supu karibu, akachovya mkate. "Harufu iliisha lakini," akasema. "Hilo ni kweli. Sikutapika tena." Akala. Baadaye akasema, "Metodi anakuja kesho."

"Anakuja."

"Umwambie yote kama ulivyoniambia mimi. Asifikiri tunamficha."

Metodi alifika Jumapili mchana na gari lake kubwa la fedha, viti vya nyuma amevilaza ili godoro liingie. Alitubusu wote, akakaa, nikamweleza huku kahawa inachemka. Alisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu wa hesabu, anafanya kazi ya umeme, haamini kitu asichokipima.

"Sawa, Mama. Naelewa kanuni. Lakini gari lina miaka thelathini na tano. Leo ni kifuniko, kesho ni kingine."

"Kesho ni kesho. Kesho Jumatatu panda nyuma, utaona."

"Na karatasi nimeshaijaza."

"Ichukue. Iweke mfukoni. Likizima hata mara moja, nitasaini mimi mwenyewe."

Ilko alinitazama. Nilikuwa sijamwuliza.

Jumatatu tulitoka saa tatu na nusu, kama zamani. Nilikuwa nimejaza tangi mpaka juu kwa makusudi. Ilko mbele, Metodi nyuma, magoti yamegusa kidevu, na saa yake ya mkononi kaiweka pajani. Tukapita kinu. Tukapita chemchemi. Kwenye kona ya machimbo, mlima mkali, nikaingiza gia ya pili, injini ikanguruma, na Ilko akashika mpini wa mlango. Tukapanda. Tukafika juu. Bonde la Prilep likafunguka, moshi wa asubuhi juu ya mapaa.

"Dakika arobaini na sita," Metodi akasema.

"Unazungumza sana huko nyuma," baba yake akamwambia. "Dereva anahitaji utulivu."

Tulifika saa tano kasorobo. Kalina alikuwa mapokezi, akatazama saa ya ukutani, akatutazama sisi.

"Mmelala mjini?"

"Tumetoka nyumbani," nikasema.

Akamchukua Ilko kumpima uzito. Mlango wa chumba cha mashine ukabaki wazi, tukamwona anapanda mizani na viatu, Kalina anamgombeza avue, yeye anasema viatu havina figo. Kalina akarudi na faili.

"Metodi, ulisema kwenye simu utaleta karatasi ya kuhama. Daktari yupo sasa, baadaye anaondoka."

Metodi akaingiza mkono mfukoni. Aliutoa pamoja na karatasi, imekunjwa mara nne. Akaikunjua nusu. Akasimama hivyo, anatazama ndani kupitia mlango ule, ambako baba yake sasa alikuwa amelala kitandani, mkono nje, anamwambia mgonjwa wa pembeni jambo lililomfanya yule acheke mpaka mashine ikapiga kengele.

"Theluji ikianguka, Mama?"

"Theluji ikianguka utakuja kutuchukua kwa wiki mbili tatu. Kama mgonjwa mgeni wa huko, bila kuhama. Kitanda cha hapa kitabaki chake."

"Na ukiumwa wewe?"

"Sijui, mwanangu."

Alikaa na karatasi ile. Kalina akasubiri, kalamu mkononi. Ana subira yule msichana, ataolewa vizuri.

"Niandike nini kwa Jumatano?" akauliza hatimaye.

Metodi akaikunja karatasi upya, mara nne, akairudisha mfukoni.

"Muulize mama," akasema. "Ndiye dereva."

"Jumatano saa tano," nikasema, na Kalina akaandika.